Njia ya Panya Namba 88

1

Jumatatu asubuhi Mratibu aliniarifu kwamba Korongo la Nzasa lina panya wenye uzito wa kilo sitini.

Nilisoma, nikanywa chai, nikasoma tena. "Njia namba 88," ilisema taarifa. "Panya 1,140 kwa wiki. Wastani wa uzito kilo 61. Wakubwa isivyo kawaida. Panya mmoja ana magurudumu mawili. Kufukiza na kuziba: Alhamisi, saa mbili asubuhi. Afisa Njia athibitishe."

Afisa Njia ndiye mimi, Sekela Mwakyoma, mwaka wa thelathini na moja katika Halmashauri ya Jiji la Mihenga, idara ya njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Magoti yangu yamekwisha. Imebaki miaka miwili nistaafu, na mtu wa hali yangu hana hamu ya kuwafuata panya wenye magurudumu. Lakini Mratibu si karani wa kubembelezwa. Ni mashine ya kuendesha njia zote za jiji, na usipothibitisha kazi yake, siku ya tatu anaithibitisha mwenyewe.

Nikavaa viatu vya mpira, nikatoka.

Hatua ya tatu tu mkeka ulinitambua. Nguzo iliyo pembeni ya njia ikawaka: SEKELA M., KAZINI. Mkeka wetu si wa ukindu. Ni jamii ya uyoga, umesukwa maabara pamoja na nyuzi za katani, ukatandazwa mahali pa lami katika njia zote za miguu na baiskeli. Unakula vumbi na jasho la nyayo. Panapopitwa unanawiri, panapoachwa unakauka na kupeperuka. Tangu uje hatujaziba shimo hata moja, na sisi wa idara tuliosotea zege na kokoto ujanani tuliupokea kama mvua ya kwanza.

Tatizo ni kwamba mkeka una akili ya mguu. Kila mtu ana mwendo wake kama alivyo na sauti yake, na mkeka ukishakuonja mara moja haukusahau. Mwanzoni tulifurahi. Mtoto akipotea, tulifuata nyayo zake. Mwaka juzi alipatikana mmoja ndani ya tangi la maji, anapumua bado, kwa sababu mkeka ulijua hatua zake zilikomea wapi. Kisha Baraza la Madiwani likapitisha kwamba kila mkuu wa kaya anaweza kusoma nyayo za watu wa nyumbani mwake. Siku hizi hapa Mihenga mume hamuulizi mkewe alikuwa wapi. Anamsomea.

2

Njia namba 88 iko Mtaa wa Kichangani. Mtendaji wa mtaa ule anaitwa Bwana Msemakweli, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, na nilimkuta akigombana na mhuri uliokauka wino.

"Shikamoo, Mama Afisa."

"Marahaba. Fomu hii ya kuandikisha njia umeijaza wewe?"

Akaisogeza karibu na pua. "Mwandiko wangu kabisa huo."

"Hapa kwenye aina ya njia, umeandika nini?"

"Njia ya panya." Akanitazama kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi mzito. "Sasa mama, si ndiyo njia ya panya? Inakatiza korongoni, haina ramani, haina taa, kila mtu anaiita hivyo. Ulitaka niandike barabara kuu?"

"Mratibu hajui misemo, Bwana Msemakweli. Kwenye orodha yake kuna njia za watu, za baiskeli, za mifugo na za wadudu waharibifu. Panya kawaweka na waharibifu. Kila anayepita pale anahesabiwa panya, na Alhamisi wanaleta moshi wa salfa. Baada ya hapo wanapanda mkeka wa miiba."

Alicheka mpaka miwani ikaning'inia sikioni. Kisha kicheko kikamkauka. "Watu wapite wapi?"

"Hawatahama. Nasahihisha fomu, naandika njia ya watu. Dakika mbili."

Nilikuwa nimeshatoa kalamu. Nataka hilo lijulikane, maana baadaye wengine wamesema nilikuwa na njama tangu mwanzo. Sikuwa na njama yoyote. Nilitaka kurudi ofisini nikaloweke miguu.

Msemakweli akaweka kiganja chake kinene juu ya karatasi. "Mama Afisa," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka, "kabla hujaandika, teremka kwanza ukawaone hao panya."

3

Mkeka haukutandazwa korongoni na mtu. Ulitambaa wenyewe kutoka njia kuu, ukifuata miguu ya watu mwaka hadi mwaka, mwekundu kwa udongo wa pale, mwembamba kama mshipi. Hakukuwa na nguzo. Niliposhuka, kwa mara ya kwanza baada ya miaka nisiyoikumbuka, nilitembea mjini bila jina langu kuwaka pembeni.

Kitu cha pili nilichokiona ni kwamba hakuna aliyenisalimu. Kwetu unaweza kumnyima mtu maji lakini salamu humnyimi. Pale, watu walipishana vichwa chini, kila mmoja akimfanyia mwenzake hisani ya kutomwona. Mwalimu mkuu ninayemfahamu alipita na mfuko wa vitabu uliokuwa ukigonganisha chupa. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa akipanda kutoka kwa mganga, hirizi bado mkononi. Kijana na binti waliachiana vidole waliponiona na fulana yangu ya Halmashauri. Sikuona mhalifu. Niliona watu wazima wenye siri zao ndogondogo, za kawaida kama chumvi.

Kwenye jiwe katikati ya mteremko alikaa mwanamke wa rika langu, mguu mmoja ameunyoosha, chupa ya chai na bahasha ya majani ya kukandia kando yake.

"Wewe wa Halmashauri, ndiye wa kutufungia njia?" aliuliza. Yeye alizungumza.

"Ndiye wa kuzuia, nikiweza. Habari za asubuhi, mama."

"Nzuri tu, dada. Kaa. Goti langu halipandi bila mapumziko."

Jina lake Nyamizi. Bintiye, Mbuke, aliolewa na mtu ambaye baba hakumtaka, na baba huyo, Mzee Lugoye, mume wa Nyamizi, akaapa mbele ya wanaukoo kwamba atakayekanyaga kwa Mbuke asikanyage tena kwake. Sasa Mbuke amejifungua mapacha, ng'ambo ya korongo, na hana mtu.

"Nani wa kumkanda?" alisema Nyamizi. "Nani wa kumwonyesha mtoto anavyokamatwa kichwa? Uzazi ni siku arobaini, dada, wewe unajua. Leo ni ya kumi na saba. Naenda mume wangu akishatoka kwenda karakana, narudi kabla ya saa kumi na moja. Jioni akila anafungua nyayo zangu, anasoma kwa sauti. Sokoni, bombani, nyumbani. Vizuri. Huku haandikiwi kitu. Huku mimi ni panya, na nimeridhika."

Nikamweleza ilivyo. Nikamweleza pia nilichokuwa nimekikumbuka pale nilipokuwa nikishuka: mkeka hausahau. Miezi mitatu ya nyayo, tangu njia iandikishwe, imehifadhiwa mle udongoni, haina majina kwa sababu tu Mratibu anaamini ni ya panya. Nikiandika njia ya watu, majina yote yatajaa kwenye vitabu vya kaya jioni ileile. Zikiwemo siku zake kumi na saba.

 Nyamizi alifunua chupa, akamimina uji kidogo kwenye kifuniko, akanipa.

"Kwa hiyo ukinisahihisha umenichongea," alisema. "Usiponisahihisha umenifukiza."

"Ndivyo."

"Bora tungekuwa mbuzi." Hakuwa akitania, alikuwa amechoka tu. "Mbuzi haulizwi alikokwenda. Anaulizwa mwenye mbuzi, wamerudi wangapi."

4

Sheria ndogo ya njia za mifugo naijua kwa sababu nusu yake niliiandika mimi, enzi jiji lilipomeza vijiji vya wafugaji upande wa magharibi. Njia ya mifugo haifungwi wala haifukizwi. Mkeka wake hauchukui mwendo wa mnyama mmojammoja, unahesabu vichwa tu, waliotoka na waliorudi, na kila saa kumi na moja jioni hesabu inapelekwa kwa mmiliki; akipungua mmoja, inapelekwa tena atakaporudi. Kilichohifadhiwa kabla kinafutwa siku ya kuandikishwa.

Lakini lazima awepo mmiliki, kwa jina na saini. Na mtumishi wa Halmashauri haruhusiwi kufuga ndani ya jiji. Kanuni hiyo iliingizwa baada ya nguruwe wa Bwana Afya kuvamia harusi ya Meya na kula keki mbele ya bibi harusi. Adhabu yake ni kufukuzwa kazi.

Nilirudi kwa Msemakweli nikamwomba awe mmiliki wa vichwa themanini na kitu, ndiyo ile 1,140 ya wiki ukiigawa kwa siku, kwenda na kurudi. Akanishika mikono yote miwili. "Mama, mimi nina wake wawili, na wote wanapenda kusoma. Wakinisikia nina mbuzi themanini watauliza nyama iko wapi."

Jumanne nzima nilikaa na ile fomu. Msidhani niliogopa kazi tu, ingawa niliogopa. Babu yangu aliishi zama za kuhesabiwa kwa kichwa, akihesabiwa na watu wasiotaka kujua jina lake, na mpaka anakufa alikuwa akilitaja jambo hilo kwa uchungu. Sasa mimi mjukuu wake, kwa mkono wangu, niwaandike mwalimu mkuu na mzee wa kanisa na mama wa watu kuwa mbuzi? Halafu nilimkumbuka yule mtoto wa kwenye tangi. Njia yenye majina inakuchongea, lakini pia inakutafuta. Njia isiyo na majina ikikumeza, hakuna anayepigiwa simu. Na hao wa korongoni hawasalimiani hata asubuhi. Nani atamwinua aliyeanguka?

 Jumatano ikanikuta, na fomu bado iko wazi.

Nikaandika: Aina ya njia, mifugo. Wanyama, mbuzi. Idadi, 81. Mmiliki, Sekela Mwakyoma. Nikaipeleka kwa mkuu wangu wa idara.

Mhandisi Rweyongeza ni mtu mkimya, anakuja kazini kwa baiskeli na kuiegesha ndani ya ofisi yake. Alisoma fomu taratibu. Mimi nilikuwa nikitazama magurudumu ya baiskeli. Yalikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye spoku, na jiji zima hakuna udongo mwekundu isipokuwa sehemu moja.

"Hapa chini," alisema bila kuinua macho, "Mratibu ameongeza maelezo. Mbuzi mmoja ana magurudumu mawili."

"Ameona hivyo, Mhandisi."

Alikohoa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mimi simuulizi huwa anakwenda wapi, na mpaka leo sijui.

"Sekela. Kanuni unaijua."

"Niliiandika mimi."

"Itanilazimu kukuandikia barua ya kujieleza. Siwezi kuikwepa, itatoka yenyewe."

"Niandikie, Mhandisi. Ila saini kwanza."

Akasaini. Nilimhurumia, maana kumhukumu mtu aliyekusitiri si kazi nyepesi.

5

Alhamisi gari la salfa halikuja. Saa kumi na moja jioni, nikiwa na miguu ndani ya beseni, kifaa changu kililia: "Mifugo wako. Waliotoka 81. Waliorudi 81."

Sikutegemea kwamba ningefurahi. Lakini nilivuta pumzi kama mtu aliyefunga zizi, nikasema alhamdulillahi, mimi niliyebatizwa. Kesho yake ikaja tena, themanini kwa themanini. Jumapili walikuwa sabini na wawili, na wote wakarudi. Ikawa siwezi kupika kabla hesabu haijaingia. Mtu akichelewa, namba zikikawia dakika mbili, nasimama mlangoni na mwiko mkononi. Mimi niliyeona kwa miaka kumi watu wa mji mzima wakiwaka majina kwenye nguzo na nisimjali hata mmoja, sasa nilikuwa na roho themanini nisizozijua kwa sura, na zilininyima raha.

Barua ilikuja wiki ya pili. Nifike mbele ya kamati ya nidhamu, nieleze mbuzi nimewapata wapi na kwa nini nawafuga nikiwa mtumishi wa umma. Niliikunja nikaiweka chini ya kopo la sukari. Nilikuwa nahesabu kitu kingine: siku ya ishirini na nane, siku ya thelathini, siku ya thelathini na tano.

Siku ya thelathini na tisa kifaa kililia nikiwa namenya viazi.

"Mifugo wako. Waliotoka 81. Waliorudi 80. Mmiliki atafute."

6

Sijui nilivaaje viatu. Jua lilikuwa bado liko juu ya paa za Kichangani nilipofika mdomo wa korongo, na watu wa mwisho waliokwisha kupanda walikuwa wakitawanyika vichwa chini.

"Mmemwona mama mwenye goti bovu?" nikauliza. Mmoja akaongeza mwendo. Mwingine akajifanya anasikiliza simu. Nikapandwa na hasira, nikapaza sauti mpaka korongo likaitikia. "Nauliza hivi, mmemwona? Au nyie kweli ni mbuzi?"

Mwalimu mkuu akasimama. Alikuwa ameshika mfuko wake wa chupa kifuani. "Yuko chini kule, kwenye mawe," alisema, akitazama ardhi. "Nilipita nikaona ameketi. Nilidhani anapumzika. Hapa hatu... hapa hatuulizani, mama."

Nilimkuta Nyamizi amejibanza nyuma ya jiwe, goti limevimba kama boga, chupa ya chai imepasuka. Alikuwa hapo tangu saa nane. Watu kumi na wawili walipita, aliwahesabu, na hakumwita hata mmoja, kwa sababu na yeye alizijua adabu za njia ile.

"Umejuaje?" aliniuliza.

"Nimeletewa habari kwamba mbuzi wangu mmoja hajarudi."

Akacheka, kisha akalia, kisha akafanya yote mawili. Nikamwacha amalize. Nilikuwa na hatia yangu mwenyewe ya kumeza pale: njia hii isiyojua jina la mtu ni mimi niliyeitunza, na saa tatu nzima hakuna aliyeitwa. Kama hesabu ingekosea kwa kichwa kimoja, angelala pale.

Nikamwinua. Mimi na magoti yangu, yeye na lake, tulipanda hatua tatu, tukapumzika, tukapanda tatu. Mwalimu mkuu alikuwa bado amesimama palepale. Aliweka mfuko wake chini, akashuka akikanyaga majani ya kando ya mkeka, akamshika Nyamizi upande wa pili. "Shikamoo, mama," alimwambia. Nadhani ilikuwa salamu ya kwanza kutolewa katika korongo lile.

"Marahaba, baba," alisema Nyamizi, akihema.

"Utamwambia nini Mzee Lugoye?" nikamuuliza. "Sema uliteleza bombani."

Tulifika jiwe la katikati. "Nimechoka kuwa panya," alisema. "Na kuwa mbuzi pia nimechoka, dada, usinione sina shukrani. Kesho ni arobaini. Nitamwambia kwa mdomo wangu nilikokuwa, kabla hajanisomea. Kulwa, yule pacha wa kwanza, ana pua ya babu yake ileile, pana, ya ubishi. Akinifukuza, anifukuze."

"Na mimi Jumatatu nina kamati," nikasema.

"Utawaambiaje?"

"Kwamba ni wangu."

Juu, pale udongo mwekundu unapokutana na njia kuu, palikuwa na nguzo ya jiji, inasubiri. Hatua mbili zaidi na tungeanza kuwaka majina tena, sote watatu. Tukasimama kwanza upande wa huku, tushushe pumzi. Kifaa changu kikalia mfukoni.

"Mifugo wako. Waliotoka 82. Waliorudi 82."

Nikawaza kwamba mashine imekosea. Asubuhi walikuwa themanini na mmoja, na Nyamizi ndiye aliyekuwa akipungua. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto, nikaanza upya, na mara ya pili nikamwona huyo aliyeongezeka: kachakaa, goti moja linalia, ana wanga wa viazi mikononi. Alishuka korongoni jioni ile, na amerudi.